Vidonge Ulivyomtumia Mama

Kisiwa Panza,
Pemba.
12 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Suhail,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Vipi hali yako na kazi za huko Maskati? Wifi Laila na wanangu hawajambo? Sisi ni wazima, alhamdulillahi, na mama yu mzima pia. Nalitanguliza hilo kwa makusudi, maana ninayokuandikia yatakutisha.

Juzi ulipopiga simu nilikwambia mama kajikata mguu, basi. Nilikuficha. Khatib anasafiri kesho kuja huko, nimempa barua hii kwa sababu kwenye simu ningelia.

Mama alikatwa unyayo na gamba la chaza pwani. Siku ya tatu kidonda kikatoa usaha. Nikakumbuka zile dawa za rangi mbili ulizomtumia, amoksilini zilizokubakia ulipotibiwa jino. Nikampa moja jioni. Haukupita muda akaniambia, "Zulekha, viganja vyaniwasha." Nikamwambia ni joto, nikampaka mafuta ya nazi, akalala.

Asubuhi nikampa ya pili. Sijamaliza kuosha vikombe, nikasikia naitwa kwa sauti nzito, kama si yake. Nikamkuta uani kajaa mabaka shingoni na kifuani, midomo imevimba, jicho moja limefumba. Kifua kinapiga filimbi. "Koo lanibana," akasema. Akataka kusimama, miguu ikamlegea.

Kaka, akili iliniruka. Nilikwenda kumchotea maji, kata ikaniponyoka. Nikapiga ukelele tu. Jirani yetu Nyange akaja na nduguye, wakambeba juu ya kitanda cha kamba mpaka kituo cha afya. Mie nyuma na pakiti ya dawa mkononi.

Nesi Asya alimtazama mara moja tu. Alimwegemeza apate kupumua, miguu akamnyoosha mbele, akamchoma sindano ya adrenalini pajani. Ndipo akaniuliza kameza nini. Nikampa pakiti.

"Alikwisha kuitumia kabla ya leo?"

"Jana jioni."

"Haikumfanya kitu?"

"Haikumfanya," nikasema.

Nilisema uongo, kaka, na mama yuko mbele yangu anaitafuta pumzi. Niliona haya. Zilipita dakika tano, hali ni ile ile, mapigo yamefifia. Asya akamchoma ya pili. Nilimshika mama kidole gumba cha mguu, sikuthubutu kumtazama uso. Kisha nikasikia filimbi ya kifua inapungua, na mama akasema, "Nipeni buibui langu." Hapo nikakaa chini sakafuni.

Asya hakuturuhusu kurudi nyumbani. Alisema hali hii huweza kurudi baada ya saa kadhaa, hata mgonjwa akionekana kapona. Tukavuka kwa boti ya mashine hadi Chokocho, mama kalazwa, kisha gari mpaka hospitali. Alilazwa siku moja chini ya uangalizi.

Daktari akauliza lile lile aliloniuliza Asya. Safari hii nikasema kweli, viganja na yote. Hakunigombeza. Alisema kule kuwashwa ndiko kulikokuwa onyo. Ilinipasa kusimamisha dawa pale pale na kwenda kuuliza, wala nisimpe ya pili. Na mtu akivimba midomo au akikosa pumzi baada ya dawa, ni kukimbizwa kituoni achomwe ile sindano ya adrenalini, hakuna kungoja.

Mama alikuwa anasikia. Nilidhani atanung'unika. Akanivuta mkono tu, akasema, "Basi, mwanangu. Ulikuwa wanitafutia uzima."

Kadi yake imeandikwa kwa wino mwekundu: asipewe penisilini wala dawa za jamii yake, kama hiyo amoksilini. Iandike na wewe kwenye simu yako, maana ipo siku ataulizwa nami sipo. Na tafadhali, usitume tena dawa zilizobaki. Kidonda sasa anasafishwa na Asya, kinakauka.

Nisalimie wifi Laila, Ashraf na Safaa mdogo. Mama anakusalimu sana, na hajui kama nimekuandikia haya. Wewe ulituma kwa mapenzi, mie nikampa kwa mkono wangu. Usiubebe mzigo huu peke yako, nami nisaidie wangu.

Mola akuhifadhi ugenini na atuachie mama yetu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Zulekha