Ushuhuda wa nyambizi

Jumamosi, Villawood

Na mimi nilidhani watu wamekuja kuomba.

Kikundi cha maombi kilijaa sebuleni kwangu, ukafika wakati wa ushuhuda, mume wangu akasimama. Mungu alimtendea nini, hakusema. Alitusimulia nyambizi ya Wajerumani ya Vita vya Pili: juu ya maji inakwenda kwa dizeli, chini inatumia betri, na betri zikiisha lazima ipande juu, itake isitake. Vyoo viwili, kimoja kimejazwa vyakula vya safari. Ilitumwa vitani mara kadhaa, haikuzamisha hata meli moja, na vita vilipoisha mabaharia wakaizamisha wenyewe. Utumishi uliotukuka kweli.

Mama Neema akaitikia "Amina", maana amezoea.

Mchungaji akamuuliza mume wangu kwa upole, "Papa, na kazi ya bandarini Port Botany, muda wa kujifunza haya yote unaupata wapi?"

Mume wangu akaangalia zulia. "Shifti walizikata mwezi uliopita, Pasta. Nashinda maktaba, Bankstown."

Hongera kwangu, mke mwerevu. Kila asubuhi namfungia ugali, kila jioni bakuli linarudi tupu, nami namsifu kwamba kazi ngumu inampa hamu ya kula.

Kodi ya nyumba inanitisha, nakubali. Lakini kinachoniuma ni kwamba nimejua pamoja na wageni. Mwezi mzima yuko chini peke yake, na mimi hapa juu nauliza tu kama chumvi ilitosha.

Jumatatu nitapika ugali kama kawaida. Sitaufunga. Ataula hapa mezani, ukiwa moto.