Mkono Niliokufunga, Dada

Dada yangu mpenzi,

Baada ya salamu, ambazo sina wa kumpa akuletee huko ulikotangulia, nakuandikia habari za mkono wako wa kulia.

Wakumbuka msimu ule wa karafuu, kabla ya vita vya Wazungu? Wewe, mwanamke, ulikuwa juu mkarafuuni. Mimi, mwanamume mzima na ndevu zangu, nilikuwa chini nachambua, maana nikipanda ngazi magoti hunicheza. Tawi likakwanyuka na wewe, mkono ukavunjika. Mzee Khatibu, muunga mifupa wetu hapa Kengeja, akaunyoosha mkono, akautia mabanzi ya miti na kuyafunga kwa kamba, akaniambia, "Mlete kila siku alasiri niulegeze. Utavimba huu."

Sikukupeleka hata siku moja. Karafuu zilikuwa zikiiva zote kwa pamoja, nami nikajiona kufunga najua, si mimi mfunga magunia? Kila kamba ilipolegea nikaikaza kwa goti.

"Legeza, vidole vyafa ganzi. Miye si gunia, we!"

"Ungekuwa gunia ungenishukuru," nikakujibu. Ukacheka. Siku ya tatu ulilia, kisha ukanyamaza, na mimi mpumbavu nikadhani umepoa.

Mabanzi yalipotoka, vidole vilikuwa vimejikunja kama vya kuku aliyechinjwa. Nikakupeleka kwa yule dresa, mganga wa hospitali ya Chake Chake. Alinishika mimi chini ya kiwiko, akaniamuru, "Kunja vidole." Nikasikia nyama inafutuka mkononi mwake.

"Waona? Msuli wa kukunja kidole haukai kidoleni. Unakaa huku juu, hukivuta kidole kwa kano. Na msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Wa ndani hukunja, wa nje hukunjua. Mmoja ukivuta, mwenziwe hulegea. Huyu dada yako, wa ndani umekosa damu. Umekufa, umekuwa kovu, umejikunyata. Unavuta, na hautalegea tena."

Kisha akauliza, "Nani aliyekaza hivi?"

Ulinitazama mimi, dada. Ukasema, "Mzee Khatibu."

Nami nikanyamaza. Nikanyamaza neno hilo lilipoenea Kengeja nzima. Nikanyamaza ulipoacha kusuka ukili, uliyekuwa hodari wa mikeka kuliko wote. Nikanyamaza mumeo alipokurudisha nyumbani na kisanduku chako. Tulitaniana miaka yote ile juu ya kila kitu, hata kipara changu, ila hilo hatukuligusa.

Wiki iliyopita, siku ya tatu ya matanga yako, Mzee Khatibu alikuja kwa mkongojo. Akakaa nami barazani, akasema polepole, "Tangu mkono wa dada yako sijamfunga mtu. Hawaji, na wakija nawarudisha. Hukumleta, nami sikumfuata, lakini kamba za kwanza ni zangu; nimekaa nawaza nilikosea wapi, sipaoni. Je, alinisamehe kabla hajafa?"

"Alikusamehe, Mzee," nikamwambia.

Alilia, dada. Akanishika mkono huu huu, akanishukuru.

Kesho baada ya sala ya alfajiri nakwenda kwake kumwambia aliyekaza ni mimi. Ataniuliza kwa nini basi ulimtaja yeye, na sitaweza kumpa kweli nusu. Ulinificha kwa mapenzi ulipokuwa hai; mimi nakwenda kukufichua ukiwa kaburini. Kwa mkono sikuwahi kukuomba radhi. Kwa hili la kesho nakuomba.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi, mdogo wako.