Kalamu Isiyomtoroka Mama

Jumapili, mjini Mesquite, ughaibuni. Joto la leo limegoma kushuka. Nimefungua mlango wa gereji, na bado mashine ya kukereza mbao ina moto kama sufuria.

Nina kinyongo, acha niseme.

Kalamu ya kwanza niliyoikereza nilimtumia Mama, kule nyumbani Marigat. Nyembamba, ya ile seti ya vyuma vya kalamu ambayo kila anayeanza kukereza huambiwa aanze nayo. Jana dada yangu Chebet akaniambia mtoto wake anaiandikia shuleni. "Mama alimpa. Usikasirike, kaka."

Nimekasirika.

Basi nikashinda mtandaoni kutafuta seti ya pili. Ipo moja ya wino, ya dhahabu-dhahabu, ambayo wazee wa chama chetu cha wakerezaji wangeisifu. Nilibakisha kuilipia tu.

Wazee hao wanaupenda mti wa mesquite kama lulu. Siku waliponipa kipande nilicheka peke yangu. Huu si mathenge? Mti uliotumalizia malisho na kuozesha meno ya mbuzi wetu? Lakini nilipoutia patasi, harufu ikanirudisha kwenye tanuri la makaa: Mama amejifunga leso kiunoni, uso masizi matupu, mimi nimemshikia gunia. Makaa hayo ndiyo yaliyonisomesha. Wajomba walikuwepo, nawajua wote kwa majina, na hakuna aliyechanga.

Mwiba wa mathenge huohuo ulimchoma Mama kidole cha shahada. Kikavimba, na tangu hapo hakikunjiki.

Nami nikamkerezea kalamu nyembamba.

Leo baada ya ibada nikampigia Mama simu.

"Baba, kalamu yako ni nzuri, lakini inanitoroka. Na sasa kikundi cha akina mama kinataka katibu mwingine, ati nachelewesha kumbukumbu."

Ukatibu huo ameushika tangu nikiwa mdogo. Nikamuuliza, ni kitu gani hapo nyumbani anakishika bila taabu?

"Mwiko. Si unaujua? Mlikuwa mkikutana mgongoni."

Chebet, aliyekuwa naye hapo, akazungusha utepe wa fundi cherehani kwenye mpini wake: milimita arobaini na saba. Nikagawanya kwa tatu nukta moja nne. Unene ni milimita kumi na tano. Ile yangu ilikuwa nane. Ya dhahabu, pale vidole vinaposhika, ni kumi na moja.

Nikamuuliza kama mathenge utamchukiza.

"Ulikula kidole changu. Ulete ufanye kazi."

Nimeagiza seti nene, haina urembo wowote. Muuguzi mmoja wa kanisani, anayekaa mji jirani wa DeSoto, anasafiri kwenda nyumbani kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi wa kikundi cha Mama, na ameniachia nafasi kwenye begi. Lakini kipande cha mathenge ninacho kimoja tu, na seti nene inataka tundu kubwa ambalo sijawahi kulitoboa. Kikipasuka, sina kingine.

Kesho nikitoka kazini ghalani nitatoboa polepole.