Faili la Kwenda Iowa

Jumapili, 4 Machi 2018
Kanisani familia ya Mama Esta haikuonekana. Jirani yao amesema chumba kiko wazi, wamekwenda Amerika. Ndivyo tulivyo Wakongo wa hapa Joburg. Safari haitangazwi mpaka ndege itue, tusije tukalogwa. Nimeudhika. Alhamisi nilimsuka nywele kwa saa nne nzima, hakunong'ona hata neno.

Jumanne, 6 Machi
Nilikuwa natafuta uzi kwenye droo ya cherehani ya mume wangu. Nimekuta karatasi, mwandiko wake. "Iowa. Mji mkuu Des Moines. Jimbo la ishirini na tisa. Ndege mdogo wa manjano. Ua: waridi la porini. Mti: mwaloni. Bendera bluu, nyeupe, nyekundu, tai katikati." Fundi nguo ana shida gani na maua ya Amerika? Nimeirudisha ilivyokuwa.

Ijumaa, 9 Machi
Amerudi kutoka mjini na koti zito la mitumba. Moja. Saizi yake. Eti baridi ya Juni. Ananiona mjinga.

Jumapili, 11 Machi
Leo nimekumbuka jambo. Tulipofika Joburg, mtu mmoja kwenye foleni ya wakimbizi alitushauri kila mmoja aandikishwe peke yake, karatasi zitoke haraka. Tukasema hatujaoana. Uongo. Kwa hiyo kwenye faili lake hana mke. Hata Neema, binti yetu, hayumo; yumo kwenye langu. Anaweza kupanda ndege kesho akatuacha, na hakuna atakayemuuliza.

Jumatano, 14 Machi
Nimerudisha chakula changu sufuriani. Ameniuliza, "Mama Neema, uko na nini?" Nimemjibu, "Eish, kichwa tu." Anashona huku anapiga mluzi. Namchukia.

Ijumaa, 16 Machi
Nimefunga saluni, nimekwenda ofisi inayoshughulikia safari za wakimbizi. Nimesema yote. Huyu ni mume wangu, tulioana Bukavu, tulidanganya siku ya kwanza, msimwache aondoke peke yake.

Dada aliyenisikiliza amefungua faili lake, akanigeuzia kompyuta. Jina langu lipo. La Neema lipo. Mume wangu alituongeza mwezi uliopita. Ili ule uongo wa zamani usimfunge, alieleza kwamba tulioana baadaye, hapa hapa Joburg. Na mimi nimetoka kusema Bukavu.

Dada ameacha kuandika. Faili litasimama, lichunguzwe, na wiki ijayo watampigia simu mume wangu. Nimemwomba afute maneno yangu. Hayafutwi. Nimelia pale pale mbele ya watu.

Jumapili, 18 Machi
Baada ya ibada amefunga mlango, akatuketisha kitandani. Alicheka kabla hajasema. "Tunaenda Iowa, sisi wote watatu. Musiambie mutu." Neema akaruka: "Serious, Papa?" Makoti yetu atanunua mwisho wa mwezi. Alitaka kusubiri tarehe ya ndege, ameshindwa.

Anaogopa tutaulizwa maswali kule, kwa hiyo amenipa ile karatasi nimsahili. Nimemuuliza hata jiwe la jimbo. Analijua. Nje ni jiwe tu, ukilipasua ndani linameta. Hakukosa hata moja.

Sijamwambia. Ofisi itampigia simu wiki hii. Nimepika majani ya sombe na samaki. Amekula sahani mbili.