Mkono Unatetemeka, Mlango wa Binti Unasubiri

Mpendwa mshauri, shikamoo, na unisamehe kama mwandiko huu unayumba, maana huo mwandiko ndio shida yenyewe iliyonileta kwako. Mimi ni mchora mabango, mwaka wa ishirini na sita sasa, naandika kwa brashi juu ya milango ya maduka, kwenye vioo vya ofisi na ubavuni mwa malori, mtaani wananiita Brashi hata wajukuu wa wateja wangu, na miaka yote hiyo nimefanya kazi na themosi ya kahawa kando ya kopo la rangi, kikombe nikianza mstari, kikombe nikiumaliza, mpaka siku moja mke wangu akahesabu akapata vikombe kumi na viwili, nikamwambia amehesabu vibaya, na kweli alikuwa amekosea, hakukijua kile ninachokunywa kabla hajaamka.

Miezi michache iliyopita mkono ukaanza kutetemeka. Nilimwandikia fundi baiskeli bango lake, akalitazama weee, akaniuliza, "Brashi, hili uliliandika ukiwa umepanda baiskeli?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani nililia, kwa sababu binti yangu, mtoto wangu wa pekee, anafungua saluni wiki tatu zijazo, ameiita Mkono wa Bibi kwa kuwa marehemu mama yangu ndiye aliyemfundisha kusuka, na ameniomba nimwandikie jina hilo kwenye kioo cha mlango, yeye aliyekuwa akinishikia kopo la rangi tangu hajaanza shule, nami nikamwahidi.

Basi nikaacha kahawa. Jumatatu, yote kwa mpigo, themosi nikampa jirani. Mshauri, kilichonipata simtakii hata adui. Jumanne kichwa kinagonga kama kuna mtu anapigilia misumari humo ndani, mchana usingizi ukanipitia nikiwa juu ya ngazi, nashukuru ilikuwa fupi, na hasira ndiyo usiseme, kijiko kikianguka naona nimetukanwa mimi. Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya kichwa, viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, na vinasaidia kweli, nikimeza tu, nusu saa haipiti naona dunia imerudi, lakini leo ni siku ya kumi na mbili na mkono unatetemeka vilevile, na nikichelewesha vidonge kichwa kinarudi na misumari yake. Juzi binti alikuja na karatasi aliyoandika jina kwa penseli, nikajaribu mbele yake, K ikavunjika mguu, akasema taratibu, "Baba, usijali, nitaagiza tu stika ya mashine." Nikamfokea. Nikamwambia aende hiyo mashine ikamlee. Aliondoka bila kuaga na mpaka leo hajapiga simu. Je, mkono wangu ndio umekwisha? Nimwache aweke stika? Na nirudie kahawa yangu, maana naona nimeteseka bure?

Brashi

Ndugu Brashi, marahaba, na pole sana. Hiyo pole itunze vizuri, kwa sababu sasa nakugombeza.

Chukua boksi la vidonge vyako. Usiniambie unalijua. Ligeuze, vaa miwani, tafuta palipoandikwa kilichomo, usome. Baadhi ya vidonge vya kichwa huchanganywa na kafeini, ileile iliyomo kwenye kahawa yako, na kwa jinsi unavyonisimulia nashuku sana kwamba vyako ni vya aina hiyo. Miaka ishirini na sita unaandika herufi kubwa, bwana mkubwa, zile ndogo zimekushinda kusoma? Umempa jirani themosi, kisha ukaendelea kunywa kahawa kwa kuimeza. Tena vidonge vya kila siku navyo huleta maumivu ya kichwa, kwa hiyo umejifunga mara mbili.

Lakini hebu lione jambo hili vizuri. Unaogopa kwamba umeacha kafeini na mkono haujapona. Inaelekea hujaiacha bado! Mkono wako haujapewa hata nafasi ya kujaribu, basi usiuzike mapema.

Leo peleka hilo boksi kwa yule muuza dawa, umweleze ukweli wote, pamoja na kikombe cha gizani. Akupe kisicho na kafeini, cha siku chache tu. Halafu rudia kahawa, ndiyo, umesikia sawa, vikombe vidogo vitatu kwa siku, na kila baada ya siku nne upunguze kimoja. Mimi nilikuwa mtu wa vikombe tisa. Nilipoacha ghafla kama wewe, siku ya tatu nilimnunia paka. Nilipopunguza kidogo kidogo kichwa kiliuma kidogo, kikachoka, kikaniacha. Kunywa maji, na ngazi usiipande wiki hii. Kituo cha afya nenda wiki hii hii, mkono ukatazamwe na mtu aliyesomea, maana mimi siuoni kutoka hapa.

Sasa binti. Huyo mtoto aliona baba yake anahangaika na herufi moja, akakutafutia njia ya kupumzika, nawe ukamfukuza. Hapo hakuna cha kahawa, hapo ni wewe. Mwombe radhi. Mwonyeshe boksi, mcheke pamoja. Kisha mwambie kioo kinafutika, na siku ya kuandika aje akushikie kopo kama zamani. Herufi kumi na moja tu, Brashi. Ukiandika mbili kwa siku, zinatosha kumalizika kabla ya ufunguzi. K ikiyumba kidogo, wateja wake watajua imeandikwa na mkono wa mtu, na jina la saluni si ndilo hilo?

Nenda kwake leo, kabla hajaagiza hiyo stika. Na kula kwanza.