Turubai Moja Kanja

Jumatatu, 5 Aprili 1954

Bado tuko Kanja, kando ya barabara. Mto umefunika daraja. Ng'ombe wamefunguliwa kwenye mkokoteni, wanakula. Kuni mbichi, chai ina moshi. Jana nililala chini ya mkokoteni. Marigu, mke wangu, na mama yake walilala ndani ya turubai. Mgongo umelowa.

Gazeti limenihamishia Meru, kwa hiyo tunarudi kwetu Kianjai. Mama mkwe tumemtoa Siakago kwa sababu moja. Marigu ana mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alikufa akizaliwa, na mama mkwe hakuwapo. Marigu amesema hazai tena bila mama yake. Sikubishana naye.

Jumanne, 6 Aprili

Mvua. Jioni walipita homgadi, walinzi wa serikali. Kiongozi wao, kijana wa koti kubwa, aliuliza kwa nini nimetandika mkeka chini ya mkokoteni. Nikamwambia turubai lina mama mkwe.

"Tazameni mwandishi wa gazeti! Haogopi Maumau, anaogopa nyanya kizee!"

Walicheka sana. Kisha akaacha kucheka. Akasema kuanzia kesho, atakayeonekana nje ya turubai baada ya kafyu ya usiku atapigwa risasi kama mtu wa msituni.

Kwao Marigu na kwetu, mwanamume halali anapolala mama wa mkewe. Hata macho hatukutanishi. Tunaongea kupitia Marigu.

Mama mkwe ameshapata mjane wa hapa jirani, yuko tayari kumlaza. Nimekataa. Pasi yetu ya kusafiria ni moja, ina majina matatu. Anayekutwa mbali na pasi yake anafungwa. Kesi kama hizo nimekaa nazo mahakamani na kuziandika. Nina hakika.

Jumatano, 7 Aprili

Nilitundika blanketi katikati ya turubai. Mama upande ule, mimi upande huu. Si adabu kamili, lakini ni kitu.

Kafyu ilipoanza tu, homgadi wakaingia. Yule kijana akalivuta blanketi likaanguka. "Umemficha nani huku?" Akamulika kurunzi. Nikamwona mama mkwe uso kwa uso, bila kilemba, kichwa wazi. Wakatuketisha bega kwa bega wakati wakikagua pasi. Hawakuwa na haraka.

Walipoondoka alijifunika shuka gubigubi, akageukia ukingo wa turubai. Hakuna aliyelala. Naona aibu. Hasira pia, lakini aibu zaidi.

Alhamisi, 8 Aprili

Daraja limeonekana. Mama amemwambia Marigu anarudi Siakago. Marigu amelia, amemshika mkono, amemwonyesha tumbo. Nikasema nitanunua kondoo leo hii, tumchinje kutakasa mwiko uliovunjwa jana. Mama akanijibu mwenyewe, akitazama ng'ombe.

"Kondoo huchinjwa nyumbani, mwanangu. Hapa ni barabarani."

Hajawahi kunisemesha kabla ya leo.

Nikaenda kituoni kuomba ruhusa yake ya kurudi. Nilitarajia shida. Karani alikuwa anatafuna muhogo. Alikata jina lake kwenye pasi yetu, akamwandikia kikaratasi, akagonga muhuri. Muhogo ulikuwa bado mdomoni.

Nikauliza kama ingewezekana kumlaza kwa mjane.

"Si ungeuliza tu, mzee? Ningekuandikia juzi."

Kazi yangu ni kuuliza. Nimewauliza madisii, wakuu wa wilaya, na wafungwa. Juzi sikuuliza. Nilikuwa nimeshajua.

Mama amepanda gari la mboga linaloelekea Embu. Hakugeuka. Marigu alisimama barabarani mpaka sauti ya gari ikapotea, kisha akaingia kwenye mkokoteni bila kushikwa mkono.

Jumanne, 13 Aprili. Kianjai.

Tumefika. Mkunga wa hapa amekuja kumwona Marigu. Mama mpole, mikono safi. Marigu alimjibu kila swali, akamshukuru.

Ndugu yangu alikuwa amemjengea mama mkwe kijumba upande wa pili wa boma, mbali na mlango wangu, kama inavyotakiwa. Udongo wa ukuta bado haujakauka. Mchana Marigu alikifagia. Kisha akaanza kuingiza magunia ya mahindi, akiyaburuta moja moja.

Nilisimama kumsaidia. Alisema hapana, yanatosha humo.