Kiti cha Mwenyekiti na Maikrofoni ya Mama Anjelina

Lumemo, Jumanne usiku

Bwana Katibu, kosa la wengi ni kudhani mtu asiposikika, dawa ni kuongeza sauti ya spika. Leo wanakijiji nao walinipigia kelele mkutanoni, mimi fundi wa sauti: "Mzee, ongeza!" Ningeongeza, tungepata mvumo tu.

Mikisa yetu mpya, ile mashine inayounganisha maikrofoni zote, hujiendesha: hufungua maikrofoni inayopata sauti kubwa zaidi, nyingine huzipunguza. Sasa Mama Anjelina, akieleza jinsi ng'ombe wanavyopita kwenye mpunga wake, alimgeukia mwenyekiti pembeni, kwa heshima. Sauti yake ikaelekea huko, mashine ikafungua maikrofoni ya mwenyekiti. Tukasikia mwenyekiti anavyohema.

"Mama, tazama maikrofoni," nikamwambia.

"Nimpe mgongo mwenyekiti? Sikulelewa hivyo!"

Watu wakacheka, maelezo yake yakapotea. Kesho atayarudia mbele ya kamati inayoamua njia ya ng'ombe. Asiposikika, shamba...

Nina wasiwasi, ila kidogo. Mashine haijakosea, wala mama. Kiti ndicho kimewekwa pabaya. Mwenyekiti akikaa mkabala na msemaji, maikrofoni ikiwa mbele ya msemaji, kila atakayemtazama mwenyekiti ataongea kwenye maikrofoni bila kufundishwa.

Wewe una namba yake: mpigie mwenyekiti leo hii, kabla hajalala, umwombe ahamishe kiti.